Ya Kumwambia Shekue Kabla Sijakabidhi Funguo

Mlango huu, Shekue, hautaki nguvu.
Uinue kwanza, kama unayemnyanyua mgonjwa kitandani,
ndipo uzungushe. Ukilia, umekubali.

Waambie wainame. Utawaambia, na bado
mmoja katika kila kumi atajigonga kipaji.
Usicheke. Barafu ipo kwa muuza juisi wa jirani.

Hapa dakani ndipo wageni wa kiume walipokomea.
Sema hivyo, kisha nyamaza kidogo,
wapate kuhisi kwamba wamevuka.

Msanani waonyeshe boriti.
Mkoko una urefu wake, haurefuki kwa mali ya mtu,
kwa hiyo tajiri wa Mkomani naye
alilala chumba chembamba.
Hiyo wanaipenda. Wengine huandika.

Zidaka usizihesabu mbele yao.
Mimi mwaka wa kwanza nilipata themanini na nne,
kesho yake themanini na moja.
Na sahani ya tatu, safu ya chini, si ya Uchina.
Ya Uchina iliangushwa na paka, mwezi wa Rajabu;
hiyo niliinunua dukani, shilingi mia na hamsini.
Profesa mmoja aliisifu nusu saa.
Sikumvunja moyo.

Utapewa karatasi ya maelezo.
Imeandikwa vizuri, ina muhuri.
Isome yote, ila ukifika chooni, kwenye birika,
pale inaposema:
*Maji yalitekwa kisimani, yakaletwa juu.*

Yalitekwa.
Miaka kumi na tisa nimelitamka neno hilo
bila kulionja.
Hata siku moja, wanafunzi wa Witu wamejaa, joto limekaza,
ulimi ukanigandia papo hapo.
Kwani lugha yetu, Shekue, ina kitenzi kimoja
kwa kisima na kwa mtu.
Maji hutekwa.
Na aliyeyateka naye alitekwa,
huko bara, mahali ambapo hajawahi kusikia harufu ya chumvi,
akapewa jina humu humu ndani:
Faida.
Jina la daftari.
Huyo ni mamake nyanya yangu.

Siku ile sikusema kitu.
Mwalimu wao aliniuliza kama naumwa.

Tangu hapo siwapandishi kwa ngazi ya mbele.
Ya uani ina vipandio ishirini na viwili,
kila kimoja kimelika katikati
kama kipande cha sabuni mwisho wa wiki.
Vya mbele, vya bibi harusi na wapambe wake,
vina makali mpaka leo.
Siwahubirii. Nawaambia tu wavue viatu.
Unyayo wenyewe huingia mle kishimoni.
Kuna wanaotazama chini.
Kuna wanaopiga picha ya dirisha.

Mkuu ameandika barua mbili kuhusu ngazi hiyo,
usalama wa wageni, na kadhalika.
Zimo kwenye mtoto wa meza.
Zijibu wewe, una mwandiko mzuri.

Lililobaki ni samaki.
Wawili, wadogo, mle birikani;
kazi yao kula viluwiluwi vya mbu, kama walivyofanya wenzao zamani.
Kila asubuhi, kabla hujafungua,
shuka kisimani uteke ndoo mbili,
upande nazo kwa nyuma.
Mfereji upo, najua.
Samaki hawaiwezi dawa ya mfereji.

Ndoo ya pili ndiyo nzito.
Ukifika kipandio cha kumi na nne
mkono utaomba kubadilishwa. Ubadilishe.
Utaegemea ukuta upumue, kila mtu huegemea hapo,
nawe utaona chokaa imesuguliwa ikang'aa,
upana wa kiganja,
kimo cha mwanamke mfupi.

Hiyo haimo kwenye karatasi.
Haya, shika.
Ule mkubwa ndio wa mbele.